Gari ya zamani inatetemeka ikiwa silensa na inasita ukikanyaga mafuta? Usinunue plagi kwanza

Wateja wengi wanaotuletea tatizo hili gereji wanafika wameshatumia hela tayari, plagi mpya, koili mpya, injekta zimeshaoshwa, na gari bado inatetemeka vilevile ukisimama ikiwa silensa (imewaka, hujakanyaga mafuta), halafu ukikanyaga mafuta inasita kwanza ndo inaondoka. Inatuuma kwa kweli, maana vingi vilivyotolewa vilikuwa bado vizima kabisa. Kwa hiyo leo tunaeleza sisi huwa tunaanzia wapi, ili hata kama gari yako haitafika kwetu ujue cha kumuuliza fundi wako.

Kabla ya kufungua boneti tunauliza maswali. Inafanya hivyo ikiwa ya baridi au ikishapata moto? Inatetemeka imesimama halafu ikikimbia inatulia, au imesimama iko poa ila ikipanda mlima ndo inakosa nguvu? Ukiwasha AC inazidi? Ilianza ghafla au ilikuja taratibu? Kuna watu wanaona kama tunawapotezea muda, ila majibu hayo ndo yanatupa nusu ya kazi.

Iko hivi. Injini ya petroli inataka hewa na mafuta kwa kipimo chake, kama kilo 14.7 za hewa kwa kilo 1 ya petroli, inataka cheche yenye nguvu kwa wakati wake, na inataka kompresheni, yaani mchanganyiko huo ukandamizwe vizuri ndani ya silinda. Sasa gari ikiwa silensa, yaani imewaka hujakanyaga chochote, nyingi zinazunguka kama mara 600 hadi 900 kwa dakika na kile kipepeo cha throto, mlango wa kuingizia hewa, kimefunga karibu chote, hewa inayopita ni kidogo sana. Kukiwa na mpira wa vakyumu (bomba dogo ambalo injini inavuta hewa kupitia humo) umepasuka mahali, hewa inayoingilia pale haijapimwa na mtu, na kwa sababu hewa yenyewe ni kidogo basi hiyo ya wizi inakuwa sehemu kubwa, mafuta yanazidiwa, injini inatetemeka. Ukikanyaga, kipepeo kinafunguka, hewa inaingia kwa wingi na ule upenyo unakuwa si kitu tena. Ndo maana mtu akisema "ikikimbia iko safi, ikisimama ndo shida" sisi akili inakwenda moja kwa moja kwenye mipira ya vakyumu, gasketi ya manifodi (bomba linalogawa hewa kwenye silinda), valvu ya PCV (inayorudisha mvuke wa ndani ya injini ukachomwe) au throto iliyoganda uchafu mweusi.

Ikiwa ni kinyume chake, iko tulivu ikisimama ila inasita na kushtuka ukiipa mzigo, tunaangalia cheche na presha ya mafuta. Ukikanyaga sana silinda inajaa, presha inapanda, na cheche inahitaji volti kubwa zaidi kuruka ule mwanya wa plagi, hapo ndo koili iliyochoka au waya wa plagi uliopasuka unaposhindwa. Pampu ya mafuta nayo hivyohivyo, silensa inahitaji mafuta kidogo tu hata pampu mgonjwa anayamudu, mlimani hawezi. Filta ya mafuta iliyoziba inafanya vilevile, na kwenye magari ya zamani tunakuta filta ambayo mwenyewe hakujua hata kama ipo.

Kuna gari moja ya miaka ishirini na kitu ililetwa kwetu, mwenyewe alishabadilisha plagi mara mbili na mahali fulani alishaambiwa anunue kompyuta ya injini. Tulichomeka mashine ya kusoma kompyuta ya gari, ikatoa kodi (namba ya kosa) P0171, maana yake mchanganyiko una hewa nyingi au mafuta machache. Fundi mwenye haraka angesema sensa ya oksijeni au pampu. Sisi tukaangalia namba moja tu, kompyuta inaongeza mafuta kwa asilimia ngapi. Silensa ilikuwa inaongeza 24, tukapandisha mzunguko mpaka 2500 ikashuka ikawa 5. Ingekuwa pampu imechoka, namba ingepanda kadiri injini inavyodai mafuta, haiwezi kushuka. Basi tukajua kuna mahali inavuta hewa. Tukaingiza moshi kwenye manifodi injini ikiwa imezimwa, tukakaa na tochi, kama dakika mbili hivi moshi ukaanza kutoka nyuma kule chini, kwenye kona ya mpira wa PCV. Mpira ulikuwa na unene wa kidole gumba, ukiuangalia kwa juu mzima kabisa, ila ile kona ililainika kwa oili na ukiubana mpasuko unafunguka kama mdomo. Tulimpa mwenyewe aubane kwa vidole vyake ili aone. Tukaweka mpira mpya, gari ikatulia siku hiyohiyo, na ile kompyuta yake ilikuwa nzima muda wote.

Magari ya kabureta hayana pa kuchomeka mashine, ila nayo yanaongea. Zima injini, toa airkilina, chungulia kwenye koo la kabureta huku mtu anavuta kebo ya mafuta, unatakiwa kuona petroli inaruka mshirizi mwembamba papo hapo. Ikichelewa au inadondoka tu, pampu ndogo ya ndani ya kabureta imechoka na hiyo kusita kwako ukikanyaga imetokea hapo. Waya za plagi na kifuniko cha distributa viangalie usiku, injini inawaka, taa zote zimezimwa, ukiona cheche za bluu zinarukaruka pembeni ya waya umeshapata jibu. Usiguse kitu hapo, umeme wake ni mkali.

Tukishajua injini ina misi, yaani kuna silinda haichomi mafuta vizuri, tunatafuta ni silinda ipi. Kodi P0301 ni silinda ya kwanza, P0302 ya pili, inaendelea hivyo, P0300 haina silinda maalum. Mashine isipotaja tunachomoa soketi za injekta moja moja injini ikiwa inawaka, silinda ambayo ukichomoa injini haibadiliki sauti ndo ile isiyofanya kazi. Tafadhali msichomoe koili na kuacha injekta inaendelea kumwaga, yale mafuta mabichi yanakwenda kuunguza masega ya ekzosi, kile kifaa kinachosafisha moshi. Na taa ya injini ikiwa inapepesa, punguza mwendo, usilazimishe, maana masega ndo yanaharibika hapo.

Plagi ikitoka tunaisoma. Nyeusi kavu kama masizi, mafuta yamezidi. Nyeupe iliyokauka, hewa imezidi au silinda inachemka. Imelowa oili, basi ringi za pistoni au sili za valvu, na hapo plagi mpya itakusaidia siku chache tu. Tunapima kompresheni pia, silinda moja ikiwa chini sana kuliko wenzake hakuna koili itakayoiponya, tatizo liko kwenye valvu, ringi au gasketi, na tunamwambia mwenye gari ukweli huo kabla hajanunua kitu kingine.

Kitu kingine, mshale wa mzunguko ukiwa umetulia kabisa ila mwili wa gari unatikisika, angalia maunting za injini (mipira inayoishikilia kwenye bodi) kwanza, inawezekana injini haina tatizo lolote.

Mkisafisha throto msishangae silensa ikiwa juu baada ya hapo, kompyuta nyingi zilishazoea ule uchafu na zinahitaji kujifunza upya.

Kama unatuletea gari yenye shida hii, usifute kodi na usichomoe betri njiani, kumbukumbu zilizomo ndo zinatusaidia. Usiongeze dawa yoyote kwenye tanki. Vile vifaa vya zamani ulivyobadilisha njoo navyo, hasa plagi, usizifute. Na kama inasumbua asubuhi tu, ilete jioni ilale kwetu, maana tukiiwasha wenyewe ikiwa baridi ndo tutasikia kile unachokisikia wewe.