Uhandisi wa mitambo si ugereji wa miaka minne

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wazazi wenzangu wa hapa Moshi, ambao kila msimu wa kuomba vyuo unapofika huwaambia vijana waliomaliza kidato cha sita kwa mchepuo wa PCM (fizikia, kemia na hisabati) kwamba kusomea uhandisi wa mitambo ni kukaa miaka minne chuo kikuu kujifunza kazi ambayo kijana wa gereji huijua kwa miwili, tena bila mkopo. Mimi ni mkereza vyuma. Nimesimama mbele ya leti, mashine inayozungusha chuma huku kisu kikikichonga, kwa zaidi ya miaka ishirini, chuo kikuu sikukanyaga, na kwa muda mrefu nami nilisema hivyohivyo.

Kilichonigeuza ni shafti, ile fimbo ya chuma inayozunguka ndani ya mashine. Mteja mwenye mashine ya kukoboa mahindi aliniletea shafti iliyokatika, nikamkerezea nyingine, na baada ya miezi minne ikakatika palepale. Nikatafuta chuma kigumu zaidi. Nayo ikakatika, na mteja akaanza kunitazama kama mwizi. Wakati huo alikuwapo karakanani binti wa mwaka wa tatu wa uhandisi wa mitambo aliyekuja kwa mazoezi ya vitendo. Aliviokota vile vipande, akavipeleka juani, akanionyesha kwamba pale palipokatika palikuwa na sehemu mbili: moja laini, yenye mistari iliyojipinda kama alama za mawimbi mchangani, na nyingine ndogo, yenye chembechembe za kukwaruza. "Mzee, hii haikukatika siku moja," akasema. Ufa ulianzia ukingoni, ukatambaa kidogo kidogo katika kila mzunguko, hata chuma kilichosalia kikashindwa kubeba mzigo. Ulianzia kwenye kona kali niliyoiacha mimi mwenyewe pale unene wa shafti unaposhuka kutoka milimita 40 hadi 30, kwa kuwa nguvu hujikusanya kwenye kona ya namna hiyo. Nikakereza nyingine, safari hii nikaiviringa ile kona. Huu ni mwaka wa pili, na mteja yule haonekani kwangu ila kwa salamu.

Binti huyo alinieleza pia kwamba mwaka 1842 ekseli, yaani mhimili wa magurudumu, ya garimoshi lililokuwa likitoka Versailles kwenda Paris ilikatika, wakafa makumi ya watu, na mwaka uliofuata mhandisi wa Uskoti, William Rankine, akaeleza jinsi ufa unavyoanza na kukua katika ekseli za aina hiyo. Nikakiri moyoni kwamba nimechelewa kwa zaidi ya miaka 170.

Mambo hayo ndiyo wanayoyasoma, pamoja na hisabati nyingi, tabia za joto na mvuke, na mwendo wa vimiminika. Anayedhani yote ni magari na atazame kiwanda cha sukari cha TPC, kusini mwa mji wetu, ambako makapi ya miwa huchomwa kuchemsha maji ili mvuke wake uzungushe mitambo ya kufua umeme. Unene wa bomba linalobeba mvuke wa namna hiyo haukadiriwi kwa jicho, hata liwe jicho la fundi mkongwe.

Sisemi kwamba vijana hawa hawana upungufu. Binti yule hakujua kufunga kisu cha leti kikalingana na kitovu cha kazi, akaniharibia visu viwili katika wiki ya kwanza. Lakini aliniambia kwamba mwenzake, aliyepokewa kwingine, alishinda na ufagio na kutumwa chai, na siku ya mwisho daftari lake la mazoezi likagongwa muhuri kana kwamba alifanya kazi. Bodi ya Usajili wa Wahandisi haimtambui mhitimu kuwa mhandisi mtaalamu mpaka awe amefanya kazi kwa miaka kadhaa baada ya shahada, kwa hiyo sisi wenye karakana ni sehemu ya masomo yao, tutake tusitake. Ningeomba wenzangu wa Moshi na Arusha, mwanafunzi anapofika, wampe kitu kilichovunjika na wamtake aeleze kwa nini kimevunjika, kisha wamsimamishe kwenye mashine akitengeneze.

Kwangu kuna nafasi ya wanafunzi wawili likizo ijayo, na chini ya meza kuna sanduku zima la vyuma vilivyokatika ambavyo sijavipatia maelezo.

Mkereza vyuma,
Majengo, Moshi.