Barua ya wazi kwa Waziri wa Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa (TAMISEMI): ajali za barabara zetu zihesabiwe pale zinapotokea

Mheshimiwa Waziri,

Nimefanya kazi ya fundi sanifu wa barabara kwa miaka ishirini na saba, mingi kati ya hiyo katika halmashauri moja ya mkoa wa Morogoro, hadi nilipostaafu. Nakuandikia juu ya jambo ambalo nilishindwa kulikamilisha nikiwa kazini, nalo halijaniacha: hatujui kwa uhakika watu wetu wanaumia wapi katika barabara za vijijini na mijini, na kwa kuwa hatujui, tunapanga fedha za barabara kama mtu anayeziba paa usiku bila taa.

Barabara inayopita mbele ya shule ya msingi iliyo jirani na kwangu ilichongwa upya miaka kadhaa iliyopita, ikawekewa mitaro, kisha lami nyepesi. Tulishangilia, na tulikuwa na haki ya kushangilia, maana kila masika mama wajawazito walikuwa wakibebwa kwa machela hadi barabara kubwa. Lakini pikipiki ambazo zamani zilijikokota zikikwepa mashimo sasa zilipita kwa kasi, huku watoto wakiendelea kuvuka palepale walipozoea, chini ya mwembe, pasipo na tuta, alama wala njia ya waenda kwa miguu. Lami ilikuwa haijatimiza miezi miwili binti wa darasa la tatu alipogongwa na bodaboda. Nilikuwa mmoja wa waliombeba. Kiatu chake kimoja cha plastiki kilibaki katikati ya barabara hadi jioni, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na moyo wa kukiokota. Baba yake alitoka zahanati akaenda kituo cha polisi kuchukua PF3, fomu ya polisi ya kumpeleka majeruhi kutibiwa, akarudi nayo imeloa jasho, ndipo safari ya hospitali ikaanza. Mtoto alipona, ila mguu mmoja umekuwa mfupi kuliko mwenzake.

Baadaye nilifuatilia kumbukumbu za ajali ile ili nipate hoja ya kuombea matuta. Daftari la zahanati lilionyesha umri wa mtoto, kijiji anachoishi na aina ya jeraha, bila kutaja mahali alipogongwa. Faili la barabara lilikuwa na vipimo vya udongo, unene wa tabaka la changarawe, vipenyo vya makalavati na hati za malipo, na halikuwa na hata mstari mmoja juu ya mtoto huyo. Simlaumu mtu kwa hilo, kwa sababu fomu zenyewe hazikumtaka yeyote aandike. Hata mimi, nilipokaa kandokando ya barabara na ubao wangu nikihesabu magari kuanzia alfajiri, nilihesabu malori, mabasi, magari madogo na pikipiki. Watoto waliopita mbele yangu wakienda shule hawakuwa na safu yao.

Haya si ya kijiji kimoja. Taarifa ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2018 ilionyesha kwamba polisi wa Tanzania waliandika vifo vya barabarani zaidi ya 3,200 kwa mwaka 2016, ilhali makadirio ya shirika hilo kwa mwaka huohuo yalizidi 16,000. Mtu anaweza kubishana na namna makadirio hayo yalivyofanywa, na ni vizuri wataalamu wabishane. Lakini tofauti ya mara tano haiwezi kuachwa ielee hewani. Aliyefia nyumbani wiki mbili baada ya ajali, aliyeanguka na pikipiki kwenye njia ya shambani ambako trafiki hafiki, aliyekimbizwa kwa mganga wa mifupa bila PF3, wote hao ni rahisi kupotea katika hesabu, na wengi wao nadhani wamepotelea kwenye barabara zilizo chini ya ofisi yako.

Hapa ndipo ninapoona ofisi yako ina nafasi ambayo hakuna wizara nyingine inayo. Tangu TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, ianze kazi Julai 2017, mtandao wa barabara za wilaya, unaozidi kilomita 144,000, uko chini ya TAMISEMI. Zahanati, vituo vya afya na hospitali za wilaya viko chini ya TAMISEMI. Shule za msingi ambako watoto wanavuka ziko chini ya TAMISEMI. Aliyevunjika mguu, muuguzi aliyemfunga bandeji, mwalimu aliyeona ajali kupitia dirisha la darasa na mhandisi wa barabara yenyewe wote wanahudumiwa na ofisi moja, lakini hakuna karatasi inayotoka kwa mmoja wao kwenda kwa mwingine. Polisi wako chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani na wataendelea na kazi yao. Ninachokiomba hakingoji makubaliano na wizara hiyo.

Ninaomba madaftari ya MTUHA, yaani ya mfumo wa taarifa za huduma za afya, yawe na safu ya mahali ajali ya barabarani ilipotokea: jina la barabara na alama inayojulikana na wenyeji, kama vile daraja, mnada, shule au kona. Muuguzi atatumia nusu dakika kuandika. Nakala ya safu hiyo, bila majina ya wagonjwa, imfikie meneja wa TARURA wa wilaya kila mwezi. Baada ya mwaka mmoja tu meneja atakuwa na ramani ya mahali panapoumiza watu, naye hatalazimika kuweka tuta kwa sababu diwani mmoja ana sauti kubwa kuliko mwenzake.

Najua neno "utafiti" likitajwa mbele ya watu wa bajeti huonekana kama anasa. Ushahidi tulionao hapa nyumbani unasema vingine. Pale Bagamoyo, barabara ya Bago hadi Talawanda, na Siha, barabara ya Lawate hadi Kibongoto, vilijengwa vipande vya majaribio kwa ufadhili wa Uingereza: kanda mbili za zege za kupitishia matairi, mawe yaliyopangwa kwa mkono, lami nyepesi za aina mbalimbali, kila kimoja kikafuatiliwa ili kujua kinahimili vipi mvua, mteremko na uzito. Maarifa ya namna hiyo ndiyo yanayomwezesha mhandisi wa wilaya kuweka zege kwenye mlima unaoteleza tu na kuacha changarawe kwenye tambarare, badala ya kusubiri fedha za lami ya kilomita zote ambazo pengine hazitakuja.

Mfano wa pili unahusu watoto moja kwa moja. Shirika la Amend lilipima mazingira ya shule za msingi Dar es Salaam, likaweka matuta, vivuko, njia za miguu na nguzo za kuzuia magari. Halikuishia hapo, kwani idadi ya watoto walioumia ililinganishwa kabla na baada, na kati ya shule zilizofanyiwa kazi na zile zilizosubiri. Majeruhi walipungua kwa takriban robo, na mwaka 2019 mpango huo ulipewa tuzo ya kimataifa ya miji ya taasisi ya utafiti ya World Resources Institute (WRI) ya Marekani. Dunia ilikuja kujifunza Dar es Salaam jambo ambalo halmashauri nyingi nchini hazijalisikia. Siku hizi nikiona barabara ya mtaa inakabidhiwa ikiwa na lami safi pasipo tuta hata moja mbele ya shule, nashindwa kunyamaza, kwa sababu tayari tunajua. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba mwendo wa wastani ukipanda kwa asilimia 1, hatari ya ajali ya kuua hupanda kwa asilimia 4. Kila tunapolainisha barabara tunapandisha mwendo. Basi gharama ya kuupunguza pale penye watu iwe ndani ya mkataba uleule, si ombi la baadaye.

Kuhusu fedha, nitasema kwa kifupi. Mwaka 2021 Bunge liliongeza shilingi 100 katika kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini. Mwendesha bodaboda anailipa kila anapojaza tangi, na mama anayeuza mchicha anailipa ndani ya nauli. Sheria ya Mfuko wa Barabara inataka angalau asilimia 90 ya fedha za mfuko ziende kwenye matengenezo na dharura, nami sitaki kanuni hiyo iguswe, kwa sababu nimeona barabara nzuri zikifa kwa kukosa greda na mitaro iliyozibuliwa. Ninachoomba ni senti chache katika ile shilingi mia zitengwe, zitajwe kwa jina katika kitabu cha bajeti, na zitumike kupima: mwendo wa magari na pikipiki kabla na baada ya kazi, idadi ya waenda kwa miguu, na majeruhi kutoka katika safu ile ya MTUHA. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo cha Taifa cha Usafirishaji vina vijana wanaotafuta kila mwaka mahali pa kufanyia mafunzo kwa vitendo. Wapelekwe wilayani wakiwa na kazi hii mkononi.

Si lazima ianze nchi nzima. Zichaguliwe halmashauri tatu, moja ya milimani, moja ya tambarare yenye mafuriko na moja ya mjini, zifanye majaribio kwa miaka miwili, na matokeo yabandikwe kwenye mbao za matangazo za kata ili wananchi wayaone kabla hayajafungwa kwenye taarifa. Mkutano wa Bunge la Bajeti huanza Aprili. Fedha hizo zikiwekwa katika makadirio yatakayopitishwa humo, madaftari yenye safu mpya yanaweza kuanza kufika zahanati baada ya mwaka mpya wa fedha kuanza mwezi Julai.

Daftari langu la kuhesabia magari bado ninalo, nami niko tayari kuwafundisha vijana hao mahali pa kukaa ili waone barabara yote, na namna ya kuongeza ile safu iliyokosekana.

Wako mtiifu,
Fundi sanifu mstaafu, Morogoro