Barua kwa mwanangu: nabii asiyeulizwa swali

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Huku sote wazima. Mvua za vuli zimechelewa lakini migomba bado imesimama, na mama yako anasema usiache kuvaa sweta ukitoka kazini usiku, ingawa nimemwambia Dar es Salaam hakuna baridi.

Ujumbe wako niliusoma jioni, nikauweka, asubuhi nikausoma tena. Unasema kanisa unalosali sasa lina nabii, na unauliza kwa nini kanisa tulilokulea halina. Mungu aliyesema na Musa, na Samweli, na Eliya, mbona kwetu anyamaze, na shida za leo si ndogo kuliko za zamani zile? Swali zuri, na sitakujibu kwamba ndivyo tulivyokuta. Wale vijana wa shati jeupe na tai wanaotembea wawili wawili, wa kanisa la Joseph Smith, wanaoitwa Wamormoni, nao walipita hapa wakauliza vivyo hivyo. Kwao, kanisa lisilo na nabii aliye hai ni mto uliokatika na chemchemi yake, na rais wa kanisa lao kule Salt Lake City, Utah, Marekani, ndiye nabii, katika mfuatano ulioanza na huyo Smith mwaka 1830. Watoto wenye adabu sana. Chai waliikataa, kwao ni mwiko, wakanywa maji.

Wachungaji wetu wengi wangekupa jibu fupi: soma Waebrania sura ya kwanza. Zamani Mungu alisema kwa manabii, mwisho wa siku hizi amesema na sisi katika Mwana, basi mlango umefungwa. Nusu ya jibu hilo naishika kwa mikono miwili. Hatakuja mtu, wa Utah wala wa Ubungo, kuongeza kitu kwenye kazi aliyoimaliza Kristo. Nusu ya pili ndiyo inayonishinda, kwa sababu Paulo aliwaandikia Wathesalonike wasimzimishe Roho wala wasitweze unabii, halafu papo hapo akaongeza: jaribuni mambo yote, lishikeni lililo jema. Sioni mahali alipoandika kwamba agizo hilo lina tarehe ya kuisha. Kwa hiyo sikwambii kwamba Mungu amekuwa bubu. Ninachotaka kujua ni huyo nabii wako anapimwa na nani.

Msome Agabo katika Matendo ya Mitume. Anatokea mara mbili tu. Mara ya kwanza, sura ya 11, anasema njaa kubwa inakuja, nayo ikaja siku za Kaisari Klaudio. Angalia waumini wa Antiokia walifanya nini waliposikia: kila mtu alitoa kadiri alivyoweza, wakapeleka msaada kwa ndugu wa Uyahudi. Agabo mwenyewe hakuuza chumvi wala kitambaa cha kuikinga njaa, na fedha zilikwenda kwa wenye njaa. Mara ya pili, sura ya 21, anachukua mshipi wa Paulo, anajifunga miguu na mikono, anasema mwenye mshipi huu atafungwa hivi Yerusalemu. Wote wakalia wakimsihi Paulo asiende. Paulo akaenda! Na hakuna aliyemwambia amemwasi nabii, au kwamba ataiona laana. Wakasema mapenzi ya Bwana yatendeke, safari ikaendelea. Tena walikuwa katika nyumba ya Filipo, mwenye binti wanne waliotabiri, na Biblia haikuandika hata neno moja walilomwambia Paulo. Hao nao walikuwa manabii, wakikaa kwa baba yao.

Korintho, palipokuwa na fujo ya karama kuliko popote, Paulo aliweka utaratibu: wanene wawili au watatu, na wengine wapambanue. Na aliyeketi akifunuliwa jambo, yule wa kwanza anyamaze. Nijibu kwa ukweli: kanisani kwenu, nabii akiwa amesimama pale mbele na kamera zote zikimwangalia, nani anaweza kunyanyuka akasema, baba, hilo uliloliona tulipime kwanza?

Wakristo wa mwanzo walishatapeliwa, usidhani mambo haya yameanza na luninga. Kuna maandishi yao ya kale yaitwayo Didake, yaliyopotea karne nyingi mpaka yalipoonekana Konstantinopoli mwaka 1873. Yanaeleza namna ya kumpokea mtumishi msafiri: akae siku moja, ikibidi mbili, akikaa ya tatu ni nabii wa uongo. Akiondoka apewe mkate wa kumfikisha atakapolala, na akiomba fedha ni nabii wa uongo. Nilimsomea mama yako, akacheka mpaka machozi.

Lakini anayenifundisha zaidi ni Yeremia, na ningekuwa nawe hapa tungekaa na sura ya 28 usiku kucha. Yeremia anatembea na nira shingoni, ishara kwamba taifa litamtumikia mfalme wa Babeli. Hanania, nabii naye, anasimama hekaluni mbele ya makuhani na watu wote, anasema ndani ya miaka miwili Bwana ataivunja nira ile, vyombo vya hekalu vitarudi na mateka watarudi. Ni ujumbe mtamu, una muda wake, na umetajwa kwa jina la Bwana. Yeremia anamjibu, Amina, Bwana na afanye hivyo. Angependa sana iwe kweli. Anamkumbusha tu kwamba nabii wa amani hujulikana neno lake likitimia. Hanania anaichukua ile nira, anaivunja mbele ya watu, na Yeremia anaondoka zake. Hakupigana naye na hakumlaani. Baadaye ndipo Bwana alipomrudisha na neno, na Hanania akafa mwaka uleule, mwezi wa saba. Ebu fikiri ungekuwa pale siku ile. Ungemfuata nani, yule anayevunja nira au yule anayeondoka kimya? Mimi nadhani ningemshangilia Hanania pamoja na wenzangu.

Na Yeremia huyo, mji ukiwa umezingirwa na yeye mwenyewe amefungwa, alinunua shamba la Anathothi kwa shekeli 17 za fedha, kuonyesha kwamba ipo siku watu watanunua tena nyumba na mashamba katika nchi ile. Alitoa fedha zake mwenyewe ili unabii wake usimame. Wa kwenu, umeniandikia, kumwona ana kwa ana kuna kiasi chake, na kuna mbegu ya kupanda, yaani sadaka ya fedha, kabla ya kufunguliwa.

Usidhani nawapiga mawe wa makanisa mapya nikiwafunika wa kwetu. Mchungaji mstaafu wa KKKT, kanisa letu la Kilutheri, ndiye aliyesema ameoteshwa dawa kule Samunge, Loliondo, na mwaka 2011 nchi nzima ikapanga foleni ya kikombe, Walutheri, Wakatoliki, Waislamu na mawaziri. Babu huyo wa Loliondo alitoza shilingi 500 tu, na kwa hilo namheshimu, hakutajirika kwa bei ile. Ila wagonjwa mahututi walitolewa hospitalini wakafia njiani. Upole wa nabii haukuthibitisha ndoto yake. Na hapa hapa Moshi, tarehe 1 Februari 2020, uwanja wa Majengo, watu 20 walikufa wakikanyagana kuwahi kupita juu ya mafuta ya upako. Waliambiwa mafuta hayo yana majibu, wakayakimbilia. Shakahola ya Kenya unaijua, sitairudia. Niseme tu kwamba miili zaidi ya 400 ilifukuliwa msitu ule wa Kilifi, mingi ikiwa ya watu waliofunga mpaka kufa, na watoto wao, kwa sababu mtu mmoja alisema na hapakuwa na wa pili wa kumpima.

Utaniuliza kama Afrika haijawahi kuona nabii wa kweli. Simon Kimbangu alianza kuhubiri na kuombea wagonjwa Nkamba, Kongo, mwezi wa Aprili 1921, Wabelgiji wakatishika, akahukumiwa kifo, kisha kifungo cha maisha. Alifia gerezani Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1951. Huduma yake nje ya gereza haikutimiza hata mwaka mmoja. Sikubaliani na waumini wake waliofika mahali pa kumwita Roho Mtakatifu, hilo ni kosa kubwa. Lakini mtu aliyekaa kifungoni miaka 30 kwa neno lake, nikimsikia natulia kidogo kabla ya kumpinga. Na babu yako, aliyeokoka katika ule uamsho ulioanzia Gahini kule Rwanda, alikuwa mtu wa ushirika wa walokole. Walikuwa na ndoto na maono tele. Ukiota, uliwaletea ndugu, nao wakakuuliza maswali mpaka jasho likutoke: umesamehe? deni la fulani umelipa? Pale hapakuwa na nabii mmoja mwenye kiti, na ninaamini ndiyo maana haukuzama wote kwa kosa la mtu mmoja.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike barua badala ya kupiga simu. Umeniambia nabii amekuonyesha kwamba kuna mwanamke wa ukoo wa baba, wa makamo, aliyewahi kukupa nguo, ndiye aliyeizuia ndoa yako. Na wewe ukamtambua shangazi yako. Tangu Pasaka hujapokea simu yake.

Mwanangu, katika ukoo upi wa Kichaga atakosekana mwanamke wa makamo aliyewahi kumpa mtoto wa kaka yake nguo? Torati ilitaka mashahidi wawili au watatu kabla mtu hajahukumiwa. Shangazi yako amehukumiwa bila shahidi hata mmoja, hayupo, hajui, hajaulizwa. Huyo aliyeuza ndizi Mbuyuni ukamaliza kidato cha nne. Neno la nabii likikufanya umwogope mtu aliyekubeba mgongoni, na halikupi njia yoyote ya kulichunguza zaidi ya kurudi kwake na bahasha nyingine, nipo tayari kusema bila kungoja miaka miwili ya Hanania kwamba halikutoka kwa Bwana. Nabii wa namna hii huna haja naye. Wa namna ya Agabo akitokea, nitakuwa wa kwanza kukaa na kumsikiliza, halafu tutampima.

Sikulazimishi kuhama kanisa. Una akili na unajitegemea. Nakuomba umwulize nabii wako swali moja tu mbele za watu, kwa heshima, kuhusu jambo alilotabiri na halikutokea, uone atakavyokujibu.

Jingine. Shangazi anakuja Dar wiki ya kwanza ya mwezi ujao kupimwa macho, atashuka stendi ya Magufuli, Mbezi, na basi la asubuhi. Sijamweleza hayo maneno na sitamweleza. Namba yako anayo. Mpokee, alale kwako, na ukiwa na la kumwuliza mwulize mwenyewe. Anakuletea ndizi mshare na maparachichi. Usimwache apande daladala na mzigo ule.

Baba yako