Simamisheni video kabla ya jibu

Ndugu Mhariri,

Nafundisha darasa la tano. Video nyingi za uchumi zinazotengenezwa kwa ajili ya watoto huanza na maana ya neno: "Uhaba ni hali ya..." Wanafunzi wangu waliinakili, wakaikariri. Wiki hiyohiyo niliwapa mbao sita, wachague kutengeneza benchi au rafu ya vitabu, kwa kuwa hazikutosha vyote viwili. Walibishana sana, lakini hakuna aliyelitaja neno uhaba, ilhali walikuwa wamekaa katikati yake.

Baadaye nikapata video ya namna nyingine. Msichana ana alasiri moja tu. Ameahidi kumsaidia rafiki yake kutengeneza tiara, na timu yake inamsubiri uwanjani. Nikaisimamisha hapo, kabla hajaamua. Mvulana wa dawati la nyuma, ambaye hanyooshi mkono, akasema: "Mwalimu, akienda kucheza, mchezo wenyewe ameulipia kwa tiara." Kile unachokikosa kwa kuchagua kingine, wanauchumi hukiita gharama mbadala. Jina hilo niliwapa mwishoni, wakati jambo lenyewe tayari lilikuwa lao.

Njia hii si ngeni. Mwaka 1978 shule za Marekani na Kanada zilipata vipindi 15 vya televisheni vya kufundisha uchumi, kila kimoja cha dakika 20, vilivyojengwa juu ya matatizo ambayo mtoto anaweza kukutana nayo. Kwa nini basi, leo simu nyingi zina kamera, tunarudi kwenye kukariri?

Nawaomba watengenezaji: tangulizeni tatizo, kisha nyamazeni. Mtangazaji anayeuliza na kujijibu baada ya sekunde mbili anawanyang'anya watoto kazi yao. Nasi walimu tusiiwashe video ili tupate nafasi ya kusahihisha madaftari. Nimewahi kufanya hivyo, na kipindi kile kilipotea.

Juzi, baada ya video ya mgawanyo wa kazi, wanafunzi walitengeneza bahasha kwa dakika kumi, kila mmoja peke yake. Kisha wakajipanga: huyu anakata, yule anakunja, mwingine anabandika. Bahasha ziliongezeka kweli, ila mbandikaji akalalamika kwamba kazi yote inamlundikia yeye na wenzake wanamtazama tu. Hilo halikuwemo kwenye video. Tulilijadili kipindi kizima kilichofuata.

Mwalimu wa shule ya msingi