Usiniletee Ndoo

Tanga, Desemba 2025

Ndugu yangu,

Asalaam aleikum. Huku sote wazima, kaskazi imeshaanza na bati la kibanda chetu cha gemu linaimba usiku kucha. Ujumbe wako wa sauti wa dakika saba nimeusikiliza mara mbili, mara ya kwanza nikicheka, mara ya pili kikokotoo kiko mkononi. Unasema ukija kabla ya Ramadhani utaniletea miwani ya VR ya PlayStation, ile ya kufunika macho ukajiona uko ndani ya mchezo, ili kibanda chetu kiwe cha kwanza Ngamiani nzima, au kama naona bora tungoje mashine za kizazi kijacho, basi hela uifungie. Nilijaribu kukujibu kwa sauti nikajikuta naropoka tu. Bora niandike.

Kwanza nikiri jambo moja. Miwani ya namna hiyo nimeshaivaa, na hapa kibandani imeshalala siku kumi.

Mtoto wa dada, yule anayesoma Uingereza, alikuja likizo mwezi wa nane akiwa nayo kwenye begi. Yake si ya PlayStation, ni ile isiyo na waya, kompyuta imo humohumo ndani, unavaa na kucheza. Siku ya pili tu watoto wa mtaa wakaipa jina la Ndoo, maana ukimwona mtu kaivaa utadhani katumbukiza kichwa kwenye ndoo akasahau kukitoa. Wasomi wanaiita uhalisia pepe. Wewe pita Barabara ya Kumi na Mbili uulizie uhalisia pepe, utapelekwa kwa mganga.

Ijumaa usiku tukaanza biashara, dakika tano kwa buku. Mchezo uliovuta watu ulikuwa wa ubao: unapandishwa lifti hadi juu ya ghorofa, mlango unafunguka, mbele yako kuna ubao mwembamba umetokeza hewani, na chini magari kama sisimizi. Tukatandika na ubao wa kweli sakafuni, ule wa kuzibia dirisha, ili mguu uupapase. Mama wa vitumbua alikuwa amekuja kudai chenji yake. Vijana wakamchokoza, akakaza mtandio, akaivaa. Hatua ya kwanza. Hatua ya pili. Ya tatu akakaa. Hakuanguka, alikaa, polepole, kama mtu anayeketi kwenye jamvi msibani, akaukamata ubao kwa mikono miwili akasema, "Nitoeni, nina watoto mie." Kibanda kizima machozi ya kicheko. Mimi mwenyewe niliyekuwa naona kabisa kwamba yuko sentimita mbili juu ya saruji, nilimkimbilia kumshika mkono.

Nikajua kitu hiki si mchezo. Nguvu kinazo.

Kisha nikavaa mimi, nikachagua mbio za magari. Kona ya tatu jasho jembamba, kona ya tano mate yamejaa mdomoni, nikaivua nikatoka nje kushika ukuta. Unaikumbuka safari yetu ya Pemba, ulivyoning'inia ukingoni mwa chombo kutoka tulipoiacha bandari ya Tanga mpaka tunaiona minazi ya upande wa pili? Ni ugonjwa uleule, ila umegeuzwa nje ndani. Kwenye chombo sikio la ndani linahisi unapanda na kushuka, macho yaliyoko chumbani yanaona ukuta umetulia. Kwenye Ndoo macho yanasema tunakata kona, sikio linasema tumekaa kwenye benchi la fundi seremala. Wakibishana hao wawili, anayelipa ni tumbo. Mama wa vitumbua yeye hakuona kichefuchefu hata kidogo, kwa sababu alitembea kwa miguu yake mwenyewe na kila alichokiona kilikwenda na hatua yake. Hofu alipata, bahari haikumlevya. Na kwa bahati mbaya michezo ambayo wateja wetu wanaitaka, magari na kukimbia na bunduki, ndiyo hiyo ya kugombanisha macho na sikio.

Usiku huohuo umeme ukakatika. Nikajisemea, haya, leo Ndoo inatuokoa, ina betri yake. TV zote kimya, feni zimesimama, kijana mmoja yuko katikati ya mchezo. Akaanza kulalamika kwamba imemwandikia chumba kina giza. Kumbe zile kamera za mbele ndizo zinazoangalia kuta na vitu vya chumbani ili zijue kichwa kiko wapi, na kamera haioni gizani kama wewe na mimi tusivyoona. Tukawasha tochi za simu nne kumzunguka, dunia yake ikawa inayumba kila mtu akitikisa mkono. Chombo chenye betri kinachokwama kwa sababu taa imezimika, hicho sijapata kukiona.

Jasho sikusimulii. Basi nikusimulie kidogo. Ile sponji inayogusa uso ilikunywa nyuso ishirini za Tanga, na lenzi zilipanda ukungu kila alipoivaa mtu aliyetoka kucheza mpira. Nilimaliza kitambaa kizima cha kanga ya marehemu bibi.

Sasa hesabu. Wewe upo tangu enzi za PS2, PlayStation ya pili, zile za kuchipu zicheze diski za kunakili, unajua kibanda kinakula nini. Mechi mia tano, aliyefungwa analipa. Mtu haitoi ile mia tano kwa sababu amecheza, anaitoa kwa sababu kafungwa mbele za watu, na aliyemfunga bado kakaa palepale anachekelea, kwa hiyo ataitafuta mia tano nyingine hata kwa kukopa. Wawili wana pedi, kumi wako nyuma yao wanatukana mabeki, na watatu kati ya hao kumi wameshaweka sarafu mezani kushika foleni. Kwenye Ndoo nani kafungwa? Mtu anapigana na hewa. Akimaliza anasema "kali sana," anashukuru, anakwenda kulala. Ile Ijumaa tulipata kelele za fainali na hela ya Jumatatu ya mvua. Jumamosi walikuja kuangalia wenzao. Jumapili walitaka kuonja bure.

Utaniambia picha anayoiona aliyevaa inaweza kutupwa kwenye TV wote waione. Kweli, na tulifanya. Hakuna aliyeangalia TV. Walimwangalia yeye anavyopapasa hewa kama kuku wa kideri. Burudani ilikuwepo, ila haikuwa ya kulipia.

Hiyo unayoitaka wewe, PS VR2, ni chombo hasa, siibishii. Ilitoka Februari 2023, kila jicho lina skrini yake ya nukta 2000 kwa 2040, na waya ni mmoja tu unaoingia kwenye PS5. Ile ya kwanza ya 2016 ilikuwa na kisanduku chake cha pembeni, kamera juu ya TV na nyaya kama utumbo wa mbuzi. Ujanja ulionikamata mimi ni wa macho. Nyoosha mkono utazame ukucha wa kidole gumba: kiasi hicho tu ndicho jicho linakiona sawasawa kwa wakati mmoja, pembeni kote ni ukungu na ubongo unakuficha. Ndani ya miwani hiyo kuna vikamera vinavyofuata mboni, mashine ikajua unatazama wapi, ikachora pale kwa ufundi wote na kwingine ikalipua lipua. Nguvu inayookolewa inatiwa kwenye picha. Aliyewaza hivyo anastahili kahawa.

Lakini angalia walivyoilea. Michezo ya ile ya kwanza haichezeki kwenye ya pili. Aliyenunua diski zake kwa miaka sita aziweke kabatini. Studio ya Sony, wenye PlayStation, iliyokuwa London, moja ya zile zilizoitengenezea michezo ile miwani ya kwanza, ilitangazwa kufungwa Februari 2024. Miezi sita baadaye wakatoa kiunganishi ili miwani ichezwe kwenye kompyuta, sawa na mzazi aliyemtuma mtoto akale kwa jirani. Na bei iliyoanza dola 549 pale Marekani ikateremshwa mpaka 399 Machi mwaka huu. Wewe umeona bahati. Mimi nimeona vitumbua vya nusu bei saa nne usiku.

Tena si jambo geni. Hata ile ya kwanza, iliyosifiwa kote, ilikuwa imeuzwa milioni 5 kufikia mwanzoni mwa 2020, wakati PS4 zilikuwa zaidi ya milioni 100 majumbani. Yaani katika kila watu ishirini wenye mashine, mmoja ndiye aliyevutiwa na miwani, na hao ni watu wenye sebule na kiyoyozi. Nintendo walishapita njia hii 1995 na Virtual Boy, kazi ya Gunpei Yokoi, bwana yuleyule aliyetuletea Game Boy. Kilikuwa na miguu miwili, unakiweka mezani ukakiinamia kama mtu anayechungulia kisima, na kila kitu ndani ni chekundu kwenye giza kwa sababu taa ndogo nyekundu ndizo zilizokuwa rahisi. Zilizouzwa hazikufika laki nane, mwaka uliofuata wakakizika. Mwaka huu mwezi wa tisa wakatangaza watakifufua Februari kama gamba la kutia ndani Switch, mashine yao ya kubebeka. Wakubwa wana hela za kuchezea.

Hizo za kizazi kijacho nazo nimezifuatilia, maana vijana hapa hawalali wanapozisikia. Switch 2 iliyotoka Juni 5 iliuza zaidi ya milioni 3.5 kwa siku nne. Haina miwani yoyote. Ina skrini unayobeba, pedi mbili zinachomoka ubavuni, unampa mwenzako moja mnaanza kugombana. Sony mwezi wa kumi walimtoa Mark Cerny, msanifu wa PS4 na PS5, akakaa na bwana mmoja wa AMD, kampuni ya kutengeneza chipu, wakaeleza teknolojia za mashine yao ijayo: namna mpya za kuchora mwanga, akili bandia ya kukuza picha, kubana data. Vyote bado viko kwenye majaribio, na mashine yenyewe wakasema ni miaka michache mbele. Valve, kampuni ya michezo ya kompyuta, nao Novemba wakaonyesha Steam Frame, miwani isiyo na waya, itoke mwakani. Hiyo nitaitazama kwa jicho la pembeni.

Kwa hiyo tungoje? Zamani ningekwambia ndiyo. PS2 iliingia sokoni Marekani dola 299 mwaka 2000, ikafika 99 mwaka 2009. Kila ukingoja unanunua nafuu, na ndivyo tulivyoanza sisi, na mashine iliyochoka ya mjomba. Sasa dunia imekaa kichwa chini miguu juu. PS5 yenye sehemu ya diski ilitoka kwa dola 499 mwaka 2020, na Agosti mwaka huu, miaka karibu mitano ikiwa imezeeka, Marekani wameipandisha ikafika 549. Xbox wamepandisha mara mbili ndani ya mwaka mmoja. Anayengoja anapitwa na bei.

Basi shika hili. Ile hela ya miwani tafuta PS5 yenye sehemu ya diski, hata iliyotumika, mradi umeiona ikiwaka mbele yako na umeisikiliza feni. Usije ukadanganywa na PS5 Pro kwa sababu jina ni kubwa: haina pa kutia diski, unanunua kifaa pembeni. Sisi bila diski hatuendi. Diski moja ya mpira inazunguka vibanda vitatu, naazima naazimwa, wakati mchezo wa kupakua utanila bando la mwezi mzima na bado umeme ukatike ukiwa asilimia tisini. Halafu pedi nne, na hizo nakuomba ziwe mpya. Nilizonazo mbili zimeshaanza kujiendea zenyewe, kipa anatoka golini hakuna aliyemgusa, na wiki iliyopita nusura watu washikane mashati, mmoja anadai goli hilo halihesabiki kwa kuwa limefungwa na pedi.

Ukibakiwa na chochote, niletee halua ya Bi Mkubwa, ile ya zafarani. Ameshaniuliza mara tatu na ameniambia nisikwambie.

Mama wa vitumbua naye anakusalimu. Kila asubuhi nikienda kununua ananiuliza mtoto wa dada anarudi lini na Ndoo yake. Jana nikamwambia, mama, si uliapa huivai tena? Akageuza kitumbua kwanza, hakuniangalia. Akasema pale mwisho wa ubao aliona kitu kama keki, na hakuifikia.

Wako nduguyo,
wa kibandani