Njia za Amu zipimwe kwa jeneza

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi. Gazeti hili nalisoma tangu ujana wangu na sijawahi kuliandikia, lakini ile taarifa yenu kwamba njia za mji wa kale wa Lamu zilichipuka bila mpango, na sasa yafaa zipanuliwe, imenikosesha usingizi.

Mpango ulikuwapo. Ngome iliyojengwa kati ya 1813 na 1821 ilikuwa ukingoni mwa maji. Leo mbele yake kuna nyumba, kwa kuwa wazee waliijaza pwani kidogo kidogo hadi Usita wa Mui, yaani njia kuu ya mji, uliokuwa jirani na bahari, ukajikuta katikati ya mji. Habib Swaleh, yule mwanachuoni wetu, alipojenga msikiti wa Riyadha, Langoni, upande wa kusini wa mji, ilikuwa mitaa ya nyumba za makuti. Darasa zake na Maulidi ya Mfungo Sita zikavuta watu upande ule, na njia zikafuata nyayo zao. Kwa hiyo mji umekuwa ukibadilika, hilo sibishi. Ila aliyehitaji chumba zaidi alijenga wikio, yaani chumba kinachovuka njia kwa juu, chini akawaachia watu wapite. Na daka, yaani kibaraza cha mlangoni, alilikata katika kiwanja chake, si katika njia ya Waislamu.

Mwezi wa Rajabu tulimzika dada yangu. Tulitoka naye mtaani kwetu Mkomani baada ya Alasiri, jeneza mabegani, tahalili midomoni. Kwenye kona ambayo mwaka 1979 tulimpitisha baba yetu usiku, kwa karabai, bila kugusa ukuta, tulikuta mtu ameongeza ngazi tatu za saruji, amening'iniza mashine ya kupoza hewa usawa wa kichwa, na chini ya mashine imeegeshwa pikipiki iliyofungwa kwa mnyororo. Jeneza halikupita. Tulilishusha hadi magotini, tukaliinamisha upande, na mimi nikaishika ile shuka kwa mikono miwili nikihofia maiti ya dada yangu itateleza mbele ya umati. Mwenye nyumba alichungulia dirishani, akafunga dirisha. Hata pole hakutoa! Njia ile haikuwa nyembamba. Imeibwa, shubiri kwa shubiri, na wanaopaswa kuzuia hupita hapo kila siku.

Na hizo pikipiki, jamani. Watoto wanatoka madrasa na juzuu mkononi, wanajibanza ukutani kama kuku. Punda husimama akiona mtoto; huyu wa pikipiki hupiga honi tu.

UNESCO iliuweka mji huu katika Urithi wa Dunia mwaka 2001. Mkipanua njia mtabomoa kuta za matumbawe ambazo hakuna fundi atakayezirudisha, kisha magari yaingie, kisha tuulizane mji ulikwenda wapi.

Pendekezo langu ni hili. Kila mwaka, wiki moja kabla ya Maulidi, vijana wanne wachukue jeneza tupu la msikiti, walibebe mabegani, wapite nalo kila njia kuanzia Mkomani hadi Langoni. Kitakachogusa jeneza, kiwe ngazi, bomba au kibaraza, kivunjwe kabla ya zefe, maandamano ya Maulidi, kupita, kwa gharama ya mwenyewe. Waanzie kwangu. Mwanangu ameongeza kizingiti mlangoni mwaka jana, na nimeshamwambia kitavunjwa.

Mzee wa Mkomani,
Lamu