Tuwanusuru kereng'ende wa madimbwi ya mvua

Mhariri,

Naandika kuhusu kuangamiza mbu katika madimbwi ya mvua jijini Dar es Salaam. Humo hutaga pia kereng'ende mhamaji, Pantala flavescens, mwenye mwili wa manjano ya dhahabu na mabawa ya nyuma mapana, ambaye watafiti wanaamini huvuka Bahari ya Hindi kutoka India akifuata upepo na mvua. Ni safari ya ajabu kwa mdudu mdogo hivyo! Lava wake, yaani watoto wake waishio majini, wanaokomaa kwa wiki chache kabla maji hayajakauka, hula viluwiluwi vya mbu; kwa hiyo anayemwaga oili chafu dimbwini huwaua wasaidizi wetu.

Naziomba halmashauri zikataze oili hiyo, na badala yake zitumie viuadudu vya kibaiolojia vinavyotengenezwa Kibaha, ambavyo hulenga viluwiluwi vya mbu.

Msomaji, Temeke